Nilimwacha mwanangu akiwa na miezi 9. Je, nimeshamharibu?

"Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano na miezi minane. Tangu nijifungue tuliishi kwa mama yangu Muheza. Mtoto alipofikisha miezi tisa nilikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, nikamwacha na bibi yake. Mkataba ulipoisha nilirudi likizo ya mwezi mmoja, mtoto ana miaka miwili na miezi tisa, nikaondoka tena. Mwezi wa tano mwaka huu nimerudi moja kwa moja. Bibi anamwita mama. Mimi ananiita 'mama wa Muscat'. Nikimkumbatia anakakamaa, na akianguka ananipita anakimbilia kwa bibi. Kwenye mafunzo ya walezi wa watoto tulifundishwa hatua nane za Erikson, kwamba mtoto asiyejenga imani kabla ya miezi 18 hukua hamwamini mtu. Nililia mbele za watu. Januari nimepata kazi Dar es Salaam na nataka nimchukue aanze darasa la kwanza huko, maana naambiwa akikaa mbali na bibi atanizoea. Je, nimeshamharibu? Na nimchukue?"

Dada yangu, umeuliza maswali mawili na majibu yake hayafanani. Kama umeshamharibu: hapana, na nitakueleza sababu kwa kirefu, maana ulichofundishwa kilikuwa nusu ya habari. Kama umchukue Januari ili aachane na bibi akuzoee wewe: kwa namna hiyo, usimchukue. Umekuwa ukiangalia nyuma, siku ile uliyopanda ndege. Mimi kinachonitia wasiwasi kwa mtoto huyu ni Januari.

Tuanze na Erikson, kwa kuwa ndiye aliyekuliza. Erik Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, akahamia Marekani mwaka 1933, na mwaka 1950 akachapisha mpango wake wa hatua nane za maisha tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Kila hatua ina mvutano wake: kuamini au kutoamini katika mwaka wa kwanza na nusu, kujitegemea au aibu na shaka mpaka kwenye miaka 3, kuthubutu au hatia kabla ya shule, bidii au kujiona duni katika miaka ya shule ya msingi, halafu utambulisho wa kijana, ukaribu na mwenzi, kulea kizazi kinachofuata, na mwisho mzee kuyapokea maisha yake au kukata tamaa. Hiyo ndiyo orodha inayoandikwa ubaoni. Maelezo yanayoifanya ieleweke huachwa kwenye kitabu.

Hatua hizi si mtihani wa darasa la saba, kwamba ukishafeli umefeli. Katika jedwali alilolichora Erikson, kila suala lipo hata kabla ya wakati wake na linaendelea baada ya wakati wake. "Wakati wake" maana yake ni kipindi linapotawala. Suala la kuamini linarudi mtoto anapomzoea mwalimu, linarudi kijana anapopata rafiki wa siri, linarudi tena mtu anapooa au kuolewa. Kila mara kuna nafasi ya kuongeza au kupunguza. Tena Erikson hakutaka mtoto atoke na imani tupu. Alichokitafuta ni uwiano, imani izidi shaka, kwa sababu mtoto asiye na shaka hata kidogo atamfuata yeyote anayempa pipi. Na kuhusu chanzo cha imani hiyo alikuwa wazi: haitokani na wingi wa chakula wala maonyesho ya mapenzi. Inatokana na ubora wa malezi, yaani mlezi anayeielewa haja ya mtoto na kuiitikia kwa namna ambayo mtoto anaweza kuitegemea.

Angalia jinsi inavyojengeka. Mtoto wa miezi 4 anaamka usiku, amelowa. Analia. Anasikia sauti, "nakuja, nakuja," kisha mikono inamwinua, anabadilishwa, ananyonya, mwili unatulia. Jambo hilo hilo linajirudia mara nyingi kwa siku. Ikifika miezi 6 au 7, anapunguza kilio kwa kusikia nyayo tu, kabla hajaguswa. Hapo tayari ana imani: mwili wake umejifunza kwamba shida hufuatwa na msaada. Miezi 9 ya kwanza ulimfanyia hivyo wewe, na bibi alikuwa nyumba hiyo hiyo, anambeba, anamwogesha, anambembeleza. Ulipoondoka, mtoto alibaki kwenye kitanda chake, na harufu anazozijua, mikononi mwa mtu aliyekwisha kumzoea. Miezi 9 iliyobaki ya hatua ya kwanza haikwenda bure. Bibi aliifanya kazi yake.

Wazo kwamba ni mama mzazi tu anayeweza kuijenga imani hiyo lina historia yake. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani akieleza madhara ya mtoto mdogo kukosa malezi ya mama. Watoto wengi aliowazungumzia walikuwa wa vituo na hospitali, lakini watu walibeba kichwa cha habari, wakaacha mazingira. Mwaka 1956 Bowlby mwenyewe na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 60 waliowahi kulazwa kwenye hospitali ya kifua kikuu kabla ya kufikisha miaka 4, wakakiri kwamba madai kuwa watoto wa aina hiyo kwa kawaida huharibika tabia yalikuwa yametiwa chumvi.

Mwenzake mmoja katika kazi hiyo, Mary Ainsworth, alikuwa amekuja kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 alitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwafuatilia watoto 28 wa familia 26 wakiwa na mama zao. Aliona kwamba mtoto humshika mtu fulani hasa, lakini pia huweza kuwa na zaidi ya mmoja: bibi, baba, dada mkubwa. Watafiti waliofuata Kisii, nchini Kenya, na kwa Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, ambako mtoto mchanga hupita mikononi mwa watu wengi kwa siku moja, waliona hali ya namna hiyo. Kinachomjenga mtoto ni watu wachache, wale wale, wanaodumu. Kwa hiyo mwanao kumwita bibi "mama" usikusome kama hukumu. Hapo anakueleza kwa usahihi ni nani aliyekuwa anakuja usiku yeye alipolia.

Ukitaka kujua hatua ya kwanza ikivunjika kweli inakuwaje, mfano unaojulikana sana ni wa vituo vya watoto vya Romania. Huko mlezi mmoja aliangalia watoto wengi, zamu zikibadilika, na kilio cha mtoto hakikuwa na mtu wake. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwagawa watoto 136 wa vituo hivyo makundi mawili, wengine wakapelekwa kwenye familia za malezi. Waliohamishwa kabla ya kufikisha kama miaka 2 walifanikiwa zaidi kujenga mfungamano salama na walezi wao wapya. Hata watoto waliotoka kwenye upweke wa namna ile walikuwa na njia ya kurudi. Mwanao hajawahi kuishi hata wiki moja bila mtu wake.

Sasa nisikudanganye kwamba hakuna lililotokea. Miezi 9 ni umri mgumu wa kuondokewa. Kuanzia karibu miezi 8 mtoto anaanza kuelewa kwamba mtu asiyeonekana bado yupo mahali, ndiyo maana anamtafuta, anagoma kwa mgeni, analia mama akitoka chumbani. Mskoti James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alieleza mfululizo wa mambo kwa watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi: kwanza kilio na kupinga, halafu kunyamaza kwa huzuni, kisha kujitenga, mtoto anacheza na kula lakini mzazi akirudi anamwangalia kama mpita njia. Baadaye Robertson na mkewe Joyce waliwapokea nyumbani kwao watoto ambao mama zao walikuwa hospitali, wakaona dhiki hiyo inapungua sana mtoto akipata mtu mmoja wa kumlea kwa karibu. Mwanao alipata. Muulize mama yako taratibu wiki zile za mwanzo zilikuwaje, na ujiandae kusikia. Itakusaidia kuelewa, na yeye pia huenda hajawahi kuulizwa.

Kwa maoni yangu, kuondoka kwako mara ya pili ndiko kunakoonekana zaidi leo. Ya kwanza haimo katika kumbukumbu zake za maneno. Watu wengi hawakumbuki matukio ya kabla ya miaka mitatu hivi. Lakini akiwa na miaka miwili na miezi tisa alikuwa anasema na kuuliza. Akaja mtu mwenye begi na zawadi, akalala naye mwezi mzima, akaanza kumzoea, akatoweka. Funzo alilolipata ni rahisi: huyu huja na kuondoka. Ukimkumbatia akikakamaa, anajilinda kwa kufuata anachokijua juu yako. Na hilo linabadilika kwa kitu kimoja, kukuona ukibaki.

Kuna jambo lingine la umri wake ambalo wazazi wengi hawalijui. Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alionyesha kwamba kati ya miaka 2 na 7 hivi mtoto huona mambo akiwa yeye ndiye kitovu. Mama ameondoka, basi mimi nimefanya kitu. Labda nililia, labda nilimwaga uji. Hatakuambia. Ndiyo maana lazima umwambie wewe, kwa maneno mafupi, asubuhi moja mkiwa wawili mmetulia: "Ulipokuwa mdogo nilikwenda mbali kufanya kazi ili tupate hela ya kula na ya shule. Hukunikosea kitu. Nilikuwa nakukumbuka. Bibi alikulea vizuri. Sasa nimerudi." Kisha nyamaza. Akiuliza, jibu alichouliza tu. Akikimbia kwenda kucheza, mwache. Atalirudia swali siku nyingine, labda mara kumi, na jibu libaki lile lile. Usiongeze machozi yako hapo. Mtoto akikuona unalia ataacha kuuliza ili asikuumize.

Hebu nirudi kwenye lile la kuanguka. Umeliandika kama ushahidi dhidi yako, nami nalisoma kama habari njema kuliko zote kwenye barua yako. Mtoto aliyeumia na kukimbilia kwa mtu anaamini kwamba watu husaidia. Ningehofia kama angejikunja peke yake kwenye kona, au angemkimbilia mgeni yeyote sawasawa na bibi. Imani anayo. Kazi yako ni kuingia ndani yake kwa kupitia mlango wa bibi, na ndiyo sababu ushauri wa kumtenga naye "ili akuzoee" ni mbaya. Anayekupa ushauri huo anadhani mapenzi ya mtoto ni nafasi moja, bibi akitoka wewe unaingia. Mtoto akipoteza anayemtegemea hufungua moyo kwa shida zaidi, tena kwa yule aliyemtoa. Kumbuka pia kwamba Januari ataanza darasa la kwanza. Anaingia hatua ya nne, ambamo siku nzima anapimwa: nani anajua kusoma, nani ameandika vizuri, nani kachekwa. Nyumba mpya, shule mpya, mji mpya na kumpoteza bibi, vyote katika wiki moja, ni mzigo ambao hata mtoto mwenye historia nyepesi angelemewa nao.

Basi Januari ufanye nini? Njia ninayoiona bora, kama mfuko na afya ya mama yako vinaruhusu, ni bibi aje nanyi Dar es Salaam kwa muhula wa kwanza, au angalau wiki sita hadi nane. Wiki mbili za mwanzo bibi ndiye alale naye kama alivyozoea, wewe umpeleke shule na kumpokea. Halafu mbadilishane mambo moja moja: kuoga, kula, kulala. Bibi anapoondoka amuage mtoto waziwazi, ataje siku atakayorudi au mtakayomfuata, na siku hiyo itimizwe. Asitoroke mtoto akiwa amelala. Kutoroka kunazuia kilio cha asubuhi moja na kuleta miezi ya mtoto kuogopa kulala.

Bibi asipoweza kuja, njia ya pili ni mtoto aanze darasa la kwanza Muheza na wewe utangulie, kisha umhamishe likizo ya Juni au Desemba, mkiwa mmeshafanya ziara mbili tatu za kulala Dar na kurudi. Ina gharama yake, sikufichi: ni kuondoka kwako kwa mara ya tatu. Inaweza kuvumilika ikiwa tu utarudi kwa ratiba anayoiona. Chora kalenda, tia alama Jumamosi unazokuja, afute siku kwa penseli yake mwenyewe. Simu iwe saa ile ile, dakika tano hadi kumi, na usilazimishe maongezi. Msomee hadithi au akuonyeshe alichochora. Kama kazi yako haikuruhusu kuja angalau mara mbili kwa mwezi, njia hii siipendekezi.

Ya tatu ni kuchelewesha kazi. Ni wewe unayejua hali ya mfuko wako, na mama asiye na kipato hana utulivu wa kumpa mtoto. Kumchukua peke yake Januari moja kwa moja naiweka ya mwisho. Ikilazimika, tumia miezi hii minne iliyobaki kuanzia leo, na mwache bibi mwenyewe ndiye amwambie, "Nenda na mama, mimi niko hapa, utakuja likizo." Ruhusa ya bibi ina uzito kuliko ahadi zako zote.

Miezi hii minne itumie hivi. Kila siku tenga dakika 15 hadi 20 zisizo na simu, ukae chini usawa wake, yeye achague mchezo. Usifundishe, usisahihishe, usimuulize maswali mfululizo. Sema unachokiona: "Umeweka kifuniko chekundu juu ya cheusi." Dakika zikiisha mwambie zimeisha na kesho mtacheza tena, na kesho mcheze kweli. Hata siku amekukera. Ukizitumia kama zawadi ya tabia njema umeziharibu, kwa sababu anajaribu kujua kama upo bila masharti.

Kumbatio, acha aanze yeye. Anza na mambo ya mwili yasiyo makubwa: kumpaka mafuta mgongoni baada ya kuoga, kumkata kucha, kumfunga viatu. Chukua jukumu moja la kila siku ambalo ni lako peke yako, kwa mfano uji wa asubuhi, na uliongeze baada ya wiki tatu au nne. Akianguka na kukimbilia kwa bibi, usimvute. Mfuate, lete maji ya kuoshea kidonda, bibi akiwa amempakata. Baada ya mara kadhaa mikono yako itakuwa sehemu ya kutulizwa kwake. Jina "mama wa Muscat" usilikatae. Liitikie vizuri.

Adhabu kwa sasa abaki nazo bibi, mkiwa mmekubaliana faragha sheria tatu nne za nyumba. Mzazi anayerudi na kuanza kukemea kabla hajazoeleka huchukuliwa kama askari. Na kuna sentensi mbili zisisikike nyumbani kwenu, hata kwa utani: "Ukileta ujeuri narudi Uarabuni," na "Huyo si mama yako, mama yako ni mimi." Zawadi zipungue pia. Kwake begi na zawadi ni dalili za mtu anayepita.

Tarajia kwamba baada ya utulivu atakuwa mgumu zaidi. Mtoto anapoanza kukutegemea ndipo anapokujaribu: atakukatalia chakula, atakutukana, atataka kubebwa kama mtoto mchanga, pengine atakojoa kitandani. Akitaka kubebwa, mbebe. Wazazi wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamerudi nyuma. Hesabu kwa miezi, si kwa wiki. Mwaka mzima ni muda wa kawaida kwa mtoto aliyeachwa mara mbili.

Yako mambo ambayo hayafai kusubiri nyumbani. Mpeleke akaonwe ana kwa ana ikiwa hamkimbilii mtu yeyote anapoumia, hata bibi. Ikiwa anamfuata mgeni yeyote bila kuangalia nyuma. Ikiwa anajiumiza au anatesa wanyama mara kwa mara. Ikiwa ameacha kucheza, kula au kulala vizuri kwa zaidi ya wiki mbili. Ikiwa kukojoa kitandani kumerudi na hakupungui baada ya mwezi, maana kunaweza pia kuwa na sababu ya tumbo, mkojo au sukari. Akiwa na hofu ya ghafla kwa mtu fulani, maumivu sehemu za siri au michezo ya kingono isiyo ya umri wake, nenda siku hiyo hiyo. Anzia hospitali ya wilaya au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Tanzania, namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure, na Kenya wanatumia namba hiyo hiyo.

Wewe mwenyewe pia ujiangalie. Umetoka miaka zaidi ya minne kwenye nyumba ya watu, ukilea pengine watoto wa wengine, na umerudi kwa mwanao anayekukakamalia. Ukiona hulali, hupati hamu ya chakula, au hasira kwa mtoto au kwa mama yako inakuzidi nguvu kwa zaidi ya wiki mbili, onana na mtaalamu hapo hospitali ya wilaya siku utakayompeleka mtoto, au hata kabla. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto, na uandike kwenye karatasi tarehe ulizoondoka na kurudi na mambo anayoyafanya sasa, ili usije ukasahau ukiwa mbele ya daktari.